Masika Yaliyoondoka na Kivuko

Nyumbani kwetu Mama ndiye aliyegawa vyumba. Cha uani kilikuwa cha maharage, mahindi na mikungu ya ndizi inayongoja kuiva. Cha mbele, chenye dirisha linalotazama migomba, kilikuwa cha mafaili ya Baba. Ukumbi mwembamba wa katikati ulikuwa wangu na baiskeli zangu, kwa sharti moja alilolitamka siku nilipoingiza ya kwanza yenye breki za diski: tope lisivuke kizingiti. Sisi tunakaa upande wa Kilema, mteremko wa Kilimanjaro, na udongo wetu wa volkano ukilowa hung'ang'ania tairi, ukapanda kwenye fremu, ukaziba meno ya gia. Kila jioni nilikuwa uani na ndoo na brashi, na Mama mlangoni na tochi akikagua.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi ya Wachaga kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi kwenye kihamba, shamba la ukoo, basi kaka mkubwa alipokwenda kujenga kwake na wengine wakashukia Dar es Salaam, nilibaki na migomba, mibuni, ng'ombe wa zizini, Mama na Baba. Riziki yangu ni baiskeli. Natengeneza za watu, na siku za wageni nawaongoza watalii kutoka karibu na lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tukateremka kwa vijia vya kati ya mibuni hadi Himo, au tukaelekea Ziwa Chala mpakani na Kenya. Wanaonitazama nikipita kwa kasi hudhani ni mchezo. Kazi yenyewe iko usiku: vitambaa vya breki husagika upesi kwenye tope lenye mchanga, cheni isiposuguliwa kwa mswaki na mafuta ya taa hulia asubuhi, na shokomzoba ya mbele ikiingiwa na maji hugoma kurudi. Mke wangu anafundisha shule ya msingi ng'ambo ya korongo. Alikuwa akisahihisha madaftari kichwani mwa ukumbi, mimi nikisugua cheni upande wa mlangoni, watoto wakipita katikati na vikombe vya uji, na Baba akiita kutoka chumba cha mbele aletewe miwani ambayo ilikuwa kwenye paji la uso wake.

Baiskeli nilifundishwa naye. Yake ilikuwa Phoenix nyeusi yenye karia nyuma na kengele ya chuma, ndiyo iliyompeleka shule zote alizofundisha. Alinionyesha namna ya kutafuta tundu la tyubu kwa kuizamisha kwenye karai la maji na kungoja mapovu, kisha kukwaruza kwa msasa, kupaka solusheni, na kusubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi huharibu. Baba alikuwa anajua kusubiri, na nitakachosimulia hapa ni habari ya mtu aliyesubirishwa.

Alianza ualimu miaka ile ya Azimio la Musoma, 1974, taifa lilipoamua kila mtoto aingie shule hata kama madawati hayatoshi. Babu yangu naye alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa, chini ya KNCU, ushirika wa Wachaga ulioanzishwa mwaka 1933. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, Baba alivibeba vitabu vya hesabu vya chama akavileta nyumbani kwa Phoenix, safari baada ya safari, ili visije vikafungiwa vitumbua. Ushirika ulirudishwa miaka ya themanini, vitabu havikurudi. Chumba cha mbele kilianzia hapo.

Humo ndani kulikuwa na nchi nzima. Kulikuwa na rasimu za katiba mpya za Tume ya Jaji Warioba, ya Juni 2013 na ile ya mwishoni mwa mwaka huo, zote zimepigiwa mistari kwa wino mwekundu wa mwalimu. Kulikuwa na kitabu cha Katiba Inayopendekezwa, kile kilichopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014 baada ya UKAWA, kundi la wapinzani, kutoka nje. Baba hakukipenda kitabu hicho. Aliona yale aliyoyasikia wananchi wakiyasema mbele ya tume yamepunguzwa. Hata hivyo alikifunga kwenye nailoni kwa sababu tulitangaziwa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015, naye alitaka kwenda kituoni akiwa amekisoma chote, halafu apige ya hapana. Kura ikaahirishwa. Aliendelea kukifunga kwenye nailoni, kila masika nailoni mpya.

Mwaka 2016 ndipo tulipopata kisa cha televisheni. Baba alikuwa na kiti chake cha kutazamia Bunge kupitia TBC, televisheni ya taifa, na wakati wa kipindi cha maswali na majibu hatukuruhusiwa kusaga chochote kwenye mashine wala kugonga bati. Mwaka huo ilitangazwa kwamba vikao havitaonyeshwa tena moja kwa moja kama zamani. Alikaa siku ya kwanza, akakaa ya pili, ya tatu akachomoa waya na kuibeba televisheni hadi chumba cha watoto. Mke wangu alimuuliza, "Baba, mbona unawapa? Si utaitaka kesho?" Akamjibu, "Mama, waachie watoto katuni. Katuni zinaonyeshwa nzima." Tangu siku hiyo alirudi kwenye redio na magazeti ya kuazima, na hasira ikahamia kwenye mikutano ya kijiji.

Mama hakuwa mtu wa mafaili. "Mwalimu," alikuwa akimwambia, "katiba haichemshi maharage." Lakini naye alikuwa na lake. Kuna ukanda wa msitu tunaouita nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani ya mifugo. Mipaka ya hifadhi ilipopanuliwa mwaka 2005 kuujumuisha msitu, kukata majani kukawa jambo la ruhusa, la siku fulani na la hofu. Mama aliyekulia humo alianza kuuliza kama leo panaruhusiwa. Nami njia kadhaa nilizozijua tangu utoto nikaacha kuzipita. Kwa hiyo mezani petu siasa haikuwa maneno ya wanaume wazee. Ilikuwa kuni, majani, na ng'ombe kupungua maziwa.

Sasa kuhusu kivuko. Kati ya kitongoji chetu na barabara ya gari kuna korongo. Shule iko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, kanisa liko ng'ambo, na stendi ya gari za abiria aina ya Noah zinazoshuka Himo iko ng'ambo. Kivuko kilikuwa cha mbao juu ya nguzo za mawe, kilichojengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, wakati Baba bado ana nguvu za kubeba jiwe. Mbao zilikuwa zinaoza. Kila mkutano wa kijiji alisimama, akavua kofia, akauliza habari ya kivuko, akajibiwa kwamba suala limechukuliwa na linafanyiwa kazi, akaketi, akaandika tarehe na jibu kwenye daftari. Mwaka 2019 mwenyekiti wetu alipita bila kupingwa, uchaguzi ule ambao vyama vya upinzani vilijitoa vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa, na Baba akaandika: "Hakuna wa kumuuliza, kwa kuwa hakuomba kura ya mtu." Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, tukaelezwa kuwa fedha hizo zitakwenda kwenye vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini. Baba, ambaye kila mwezi kaka alimtumia fedha ya dawa za presha kwa simu, alianza kutunza meseji za makato. Akazijumlisha. Akasimama mkutanoni akasema kiasi chake, akauliza ni ubao wa ngapi wa kivuko. Watu walipiga makofi. Aliandika na makofi pia, kwa sababu alikuwa mwaminifu katika kumbukumbu, lakini jibu lilikuwa lilelile.

Masika ya 2024 yalikuja na mvua isiyo na mapumziko. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu wasiopungua 155 wameshapoteza maisha nchini kwa mafuriko na maporomoko. Kivuko chetu kilikuwa kimekwishaondoka. Kilikwenda usiku, tukasikia mawe yakisagana korongoni, na asubuhi palikuwa na nguzo moja upande wa kwetu na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita juu ya mahali pa nyingine.

Hapo ndipo baiskeli ilipopandishwa cheo nyumbani. Juu kidogo ya kwetu kuna mfongo, mmoja wa ile mifereji ya kale ambayo wazee wa Kichaga waliichimba kuleta maji ya mlimani vihambani. Ukingo wake ni mwembamba, upana wa nyayo mbili, na unakwenda hadi pale korongo linapobanwa na miamba, ambapo mtu mwepesi anaweza kuruka maji yakiwa yamepungua. Kwa miguu ni mzunguko mrefu wa kuchosha. Kwa baiskeli yenye tairi pana, ikipunguzwa upepo ishike vizuri, ni safari ya muda mfupi kwa anayeijua kila mizizi. Nikawa mtu wa unga, wa dawa, wa kupeleka simu zikachajiwe, wa mtungi wa gesi uliofungwa mgongoni kwa kanga ya mke wangu. Yeye mwenyewe aliamka kabla ya jogoo akazunguka hadi daraja la chini ili afike darasani, viatu mkononi. Mama alilegeza sharti lake. Tope liliruhusiwa kufika katikati ya ukumbi.

Baba aliumia sana na kivuko kile. Alikaa chumba cha mbele akiandika barua kwa ofisi baada ya ofisi, na mimi nilizipeleka kwa baiskeli, zimewekwa kwenye nailoni ya Katiba. Zilipokelewa zikagongwa muhuri. Ni barua nzuri sana, ninazo nakala. Hakuna tusi hata moja. Zinataja sheria, zinataja idadi ya watoto wanaovuka, zinamalizia kwa "Wenu katika ujenzi wa taifa."

Alikuwa akiandika barua ya namna hiyo jioni moja kalamu ilipomponyoka. Mke wangu ndiye aliyemwona kwanza. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, na mkono wa kulia ulikuwa unatafuta kalamu mezani bila kuigusa. "Baba, niitikie," alimwambia, na sauti iliyotoka haikuwa na maneno ndani yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na mtandao wa simu ulikwenda nao. Mama alikwishaanza kumfunika blanketi na kumpaka mafuta kifuani, mikono ikifanya kazi kabla akili haijafika.

Nilichukua baiskeli na tochi ya kichwani. Sitasimulia sana habari ya njia ile usiku, kwa kuwa njia haikuwa na umuhimu. Nilichotaka ni dereva wa Noah anayelala karibu na stendi, ambaye nisingeweza kumpigia. Nilimkuta. Wakati huohuo majirani walileta ngazi ya kuchumia parachichi, wakaweka godoro juu yake, wakamfunga Baba kwa kanga na shuka, wakamshusha korongoni. Walifunga kamba kwenye ile nguzo iliyobaki na kwenye mti wa ng'ambo, wanaume wakasimama majini hadi kiunoni wameshikana, na ngazi ikapita mabegani mwao kutoka mtu hadi mtu. Mmoja wa wanaume wale alikuwa na ugomvi na Baba wa mpaka wa kihamba, ugomvi wa miaka mingi. Ndiye aliyesimama pale maji yalipokuwa na nguvu zaidi. Hatukulizungumza. Sisi Wachaga tuna jani la isale la kuombana msamaha, ila usiku ule halikuhitajika.

Mwenye kiharusi anatakiwa kufika hospitali ndani ya saa chache za mwanzo. Tulifika kunapambazuka. Daktari alitueleza bila kuficha, na namshukuru kwa hilo. Baba aliishi siku chache zaidi, akitutambua, akiminya vidole vyetu kwa mkono wa kushoto. Siku moja alionyesha ishara ya kuandika, nikampa kalamu, akaishika tu. Alifariki alfajiri kaka mkubwa akiwa bado kwenye basi la kutoka Dar es Salaam.

Sidai kwamba kivuko kingemponya. Sina elimu ya kusema hivyo. Ninadai zile saa. Zilikuwa zake, alizilipia kodi, ushuru wa kahawa na tozo, na alizidai kwa barua kabla hajazihitaji.

Msiba wa Uchagani una kazi nyingi, na kazi zote zilikuwa ng'ambo. Grupu la WhatsApp la ukoo lilifunguliwa, kamati ikaundwa, mwenyekiti akapatikana na mweka hazina akapatikana, michango ikaingia hata kutoka kwa wanafunzi wake wa zamani ambao hatuwajui. Kisha vitu vikaanza kufika na kurundikana kwenye barabara ya gari: viti vya plastiki vya kukodi, maturubai na vyuma vyake, magunia ya mchele, kreti za soda, spika za kanisani. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuja na fimbo yake na kuketi kwenye kiti kimojawapo palepale barabarani. Akasema yeye havuki, na kaka yake hazikwi bila yeye, basi tufanye hesabu zetu.

Vijana wa kitongoji walifanya hesabu. Jirani yule wa ugomvi wa mpaka alitoa mikaratusi yake miwili mirefu, ikakatwa, ikaburutwa kwa kamba hadi korongoni, ikalazwa juu ya mawe, ikafungwa kwa nyaya na kupigiliwa vipande vya mbao za jukwaa la kanisa. Msaragambo ule ulifanyika mvua ikinyesha, bila mtu kupigiwa filimbi. Wakati magogo yakifungwa wapishi walikuwa tayari nyumbani, kuni zimewashwa, na sufuria kubwa la kupikia machalari bado liko ng'ambo. Nikavishwa. Lilifungwa mgongoni mwangu limefunika kichwa, nikapita ukingo wa mfongo juu ya baiskeli, mvua ikipiga juu ya lile sufuria kelele hata nisiweze kusikia kingine chochote. Nilipotokea uani Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, amefunga kanga kichwani. Akaniangalia. Akacheka, kicheko cha kweli, cha kumtoa machozi ambayo tangu alfajiri ile yalikuwa yamekataa kutoka. Wanawake wakamshika. Alilia mpaka jioni, na sote tulipumua.

Maksai alikuwa habari nyingine. Alinunuliwa mnadani, akafika kwenye magogo, akanusa, akagoma. Walimvuta, wakamsukuma, wakamwimbia. Binti yangu alipendekeza afunikwe macho kwa shati la babu. Sijui alilitoa wapi wazo hilo, lakini lilikuwa shati la zizini la Baba, ambalo ng'ombe wetu wote walilijua, na yule maksai mgeni alilinusa akatulia, akapita. Shangazi aliona hayo kutoka kwenye kiti chake. Akainuka, akampa mjukuu wake fimbo, akavuka akishikwa mkono na kaka mkubwa, macho yake yameelekezwa mbele na rozari imezungushwa kwenye vidole. Padri alivuka baada yake akiwa na buti za mvua, kanzu ameikunja hadi magotini.

Jeneza lilifika mwisho. Lilipita juu ya mikaratusi mabegani mwa wanafunzi wake, mmoja ni dereva wa lori, mmoja ana digrii mbili, mmoja aliachia darasa la nne na Baba hakuacha kumwuliza atarudi lini.

Kiongozi wa siasa anayetuhusu alikuja, kama wanavyokuja. Nilimwona akisimama ng'ambo akiyatazama magogo. Alivuka polepole, amesaidiwa na vijana wawili, viatu vimejaa tope. Akasalimia vizuri, akatoa bahasha ya rambirambi, akaomba dakika chache za kuzungumza. Kaka mkubwa alikuwa tayari kumpa, kwa heshima ya msiba. Lakini katika daftari la Baba, Mama alikuwa ameona ukurasa wa maagizo ya mazishi, na Shangazi, ambaye haogopi mtu tangu enzi za mangi, machifu wetu wa zamani, aliomba usomwe kwanza. Mke wangu alisoma, kwa ile sauti yake ya darasani. Baba alitaka azikwe chini ya mibuni ya babu. Alitaka isale lipandwe kichwani. Alitaka watu wale washibe. Na aliandika kwamba atakayetaka kuzungumza habari za maendeleo siku hiyo aanze kwa kusoma mapato na matumizi ya kijiji.

Ukimya ulikuwa mkubwa. Kiongozi hakuwa nayo. Alisema maneno machache ya pole, ya staha, akaongeza kwamba suala la kivuko amelichukua. Nyuma ya turubai mzee mmoja aliyezoea kukaa na Baba mikutanoni alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake. Mimi siamini kwamba mtu yule ni mbaya. Naamini amezoea kutoulizwa, na sisi ndio tuliomzoesha, kwa kumwachia mwalimu mmoja mzee kazi ya kuuliza kwa niaba ya kitongoji kizima.

Baada ya siku tatu za matanga Mama aligawa vyumba upya. Alisema chumba cha mbele kisiguswe, lakini baiskeli moja, ile ya mfongo, iwekwe humo, maana imeshika kazi za Mwalimu. Usiku tulikaa na mke wangu tukipanga karatasi. Tulikuta vitabu vya babu vya kahawa, meseji za makato alizozinakili kwa mkono mstari kwa mstari, na ile barua ya mwisho iliyokatika kwenye neno "tunaomba". Mke wangu aliimalizia. Aliuliza kwanza kama ni sawa, na nikamwambia ni sawa. Niliipeleka mimi, ikagongwa muhuri kama zilizotangulia.

Tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Kitongoji chetu kilibaki na jina moja kwenye karatasi, tukaulizwa ndiyo au hapana. Mama alivaa viatu vyake vya kanisani, akavuka juu ya mikaratusi ileile, akapiga kura yake, na hakumwambia mtu ameandika nini. Aliporudi aliuliza mkutano wa kijiji ni lini. Hakuna aliyekuwa na tarehe. Akaingia chumba cha mbele akatoka na daftari la Baba, akampa mke wangu, akasema, "Wewe una mwandiko."

Sasa wanakwenda mkutanoni wote wawili, nami nawatangulia na baiskeli kuangalia njia. Mke wangu husimama, huuliza habari ya kivuko, huandika tarehe na jibu. Mara ya kwanza alisimama peke yake. Hivi karibuni walisimama naye wanawake wa majani ya nusu maili, vijana waliofunga magogo, na jirani mwenye mikaratusi, ambaye anataka alipwe miti yake na ana haki. Kivuko bado hakijajengwa. Mikaratusi inaanza kulika upande wa chini, na watoto wanavuka juu yake kila asubuhi.

Ndugu msomaji, kama unaishi kijijini na umetimiza miaka 18, wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chako, na sheria inautaka mkutano huo ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Huhitaji kadi ya chama chochote kuingia. Kaulize tarehe. Ukifika, omba mapato na matumizi yasomwe kabla ya jambo lingine lolote, nenda na daftari, na usimwachie mzee mmoja kusimama peke yake.